Kuchukua mbwa mkubwa wa kufuga kutoka makazi ya wanyama waliotelekezwa, Mombasa: huduma ikoje?

Mbwa wa kilo 30 hutoka hapa akiwa amehasiwa na kuchanjwa kichaa cha mbwa. Dai kadi yenye tarehe, maana chanjo hurudiwa. Wahudumu husema wazi yupi anavuta kamba na yupi hapatani na paka, hilo tunalisifu.

Kasoro ni kupe. Joto la Pwani linawafaa mno, na dawa wanayopaka hapa haitoshi. Kabla ya kutia saini funua masikio, pekua katikati ya vidole, tazama ufizi: ukiwa umepauka, huenda kupe wamempunguzia damu, basi apimwe damu kwanza.

Njoo na mkanda wa kifua. Ule wa shingo ukilegea, mbwa mwenye hofu hurudi kinyumenyume akachomoka. Mtembeze alfajiri. Lami ya Nyali saa saba mchana huunguza nyayo.