Nyundo kwenye dramu za KE70 yangu, Malindi

Hasira bado ninazo, kwa hiyo anayetaka maneno ya upole apite tu.

Gari ni Corolla KE70 ya marehemu baba. Niliiacha uani hapa Shela tangu masika, handibreki nimeivuta. Kosa langu, nakubali. Huku kwetu hata kufuli la jikoni linakula kutu kwa upepo wa bahari, sasa breki-shuu, zile pedi za ndani, zimekumbatia dramu, kile chuma cha duara kinachozunguka na gurudumu, miezi yote hiyo zitaachana vipi? Juzi juzi nikaachia handibreki, nikatia gia, injini ikazima. Magurudumu ya nyuma yamegoma kama punda wa Lamu.

Shemeji akanielekeza gereji moja ya mjini, wanakuja mpaka nyumbani. Kwa kuja haraka nawasifu, walikuja upesi. Na bora wangechelewa.

Fundi mkuu hakuuliza kitu. Tairi likatoka, akashika nyundo, ile ya kuvunjia mawe. Paa! Paa! Majirani wakachungulia. Nikamwambia, "Fundi, kuna matundu mawili hapo ya kutia bolti, baba alikuwa akitoa hivyo." Akanijibu hata hajageuka: "Mama, nenda katupikie chai. Breki si kazi ya kanga."

Mimi! Niliyemshikia baba tochi chini ya gari hilihili tangu darasa la nne!

Kwa asiyejua: usoni mwa dramu, katikati ya zile bolti za ringi, kuna matundu mawili yenye nyuzi za skrubu ambayo hayashiki chochote. Kiwanda kimeyaweka makusudi. Unatia bolti mbili za spana namba 12, unakaza hii kidogo, na ile kidogo, nazo zinasukuma habu, kile kitovu cha gurudumu kilicho nyuma ya dramu, mpaka dramu inajitoa yenyewe. Ikizidi ubishi, basi dramu imelika ndani na shuu zimekwama kwenye ukingo. Unazirudisha kwa bisibisi kupitia kitundu cha nyuma chenye kiziba cha mpira. Nyundo ya nini?

Chuma cha dramu ni cha kalibu, hakipindi. Pigo la sita au la saba, ukingo ukameguka kama mkate wa mofa, kipande kikaruka hadi kwenye ndoo ya nguo zangu. Bwana yule akakiokota, akakitazama: "Hii ilikuwa na ufa zamani." Adhana ya adhuhuri ikamwokoa, akaenda msikitini.

Kijana wake alibaki. Akangoja mpaka mlango wa ua umefungwa, akasema kwa sauti ya chini, "Mamangu, hebu nionyeshe hayo matundu." Yalikuwa yamejaa matope na kutu, akayachokoa kwa msumari, akadondoshea mafuta, akatoa bolti mbili kwenye mfuko wa suruali. Nusu mzunguko huku, nusu kule. Tukasikia ko! Dramu ikamjia mapajani. Akataka kupuliza vumbi, nikamzuia, nikamwagia maji. Breki za zamani zilikuwa na asbesto, si vumbi la kuvuta. Upande wa pili ulichukua muda wa chai kuchemka. Ndiyo, chai niliipika. Akanywa yeye peke yake.

Mkubwa aliporudi akasema nyundo yake ndiyo iliyolegeza. Akadai 3,500, eti kazi ilikuwa ngumu. Ngumu kwa nani? Dramu nyingine sasa nitaitafuta wapi mimi? Nikatoa 3,000 kwa sababu ya jua na macho ya majirani, na mpaka leo naijutia kila shilingi.

Nilikuwa nimewapa nyota mbili. Nikiandika hapa nimekumbuka ile ya kanga, nimeondoa moja. Iliyobaki ni ya kijana, wala mwenye gereji asijidanganye ni yake.

Nitawaita tena? Haki ya Mungu siwaiti. Ila kijana alininong'oneza kwamba Jumapili mkubwa huwa hayupo, na breki za mbele nazo zimeanza kulia.