Koti la Neo nimeshonewa Majengo na fundi wa kanzu za mapadri

Naanza na bei maana najua ndo mnachosubiri. Kitambaa 77,000, bitana 20,000, vifungo na uzi na mazagazaga mengine 12,000, ufundi laki na nusu. Jumla 259,000. Kuna watakaosema hela yote hiyo kwa koti la muvi, na kuna wale waliowahi kuulizia onlaini ambao watasema mbona bure, mi niko na hawa wa pili.

Koti lenyewe ni la Neo wa Matrix, ila siyo lile la muvi ya kwanza ya 1999, ni lile la muvi ya pili, Reloaded ya 2003. Watu wanayachanganya. La 1999 ni koti refu linaloachwa wazi mbele, ukilivaa Dodoma hapa utaonekana tu mtu aliyenunua koti la mvua la mtumba. La 2003 ndo lenye mambo, kola imesimama wima shingoni, vifungo vidogo vimepangana kushuka mpaka kiunoni, pale kiunoni limebana halafu kuanzia hapo linachanua mpaka karibu na viatu, yaani ile sini Neo anapigana na akina Smith, wale maadui zake wa suti, rundo uwanjani koti linafanya nusu ya kazi. Ukiliondoa koti pale unabaki na jamaa anarusha mateke tu.

Kitu kingine ambacho kila niliyemwambia alikosea, siyo ngozi. Kila mtu "aa lile la ngozi la Neo". Hapana bana. Aliyebuni mavazi ya zile muvi tatu za mwanzo anaitwa Kym Barrett, na lile koti la 1999 alilitengeneza kwa kitambaa cha mchanganyiko wa sufu cha bei ya chini kabisa, na yale manguo ya Trinity, yule dada mwenzake Neo, yanayong'aa ambayo wengi tumeamini miaka yote kwamba ni ngozi ni PVC, plastiki, maana bajeti ilikuwa ndogo. Kwa hiyo siri ya yale makoti haiko kwenye bei ya kitambaa, iko kwenye mkato na jinsi kitambaa kinavyoanguka mwilini. Ukishalijua hilo unaacha kutafuta fundi wa ngozi na unaanza kutafuta fundi anayejua kukata nguo ndefu.

Na hapo ndo kwenye kazi, maana mafundi wa suti hapa mjini wako wengi na wazuri, tangu serikali ihamie huku wameongezeka, ila suti inaishia makalioni. Niliingia kwa mmoja, sitaji, ofisi ina kioo kikubwa na kiyoyozi na masofa, nikamwonesha picha akaitikia fasta "tunatoa hiyo". Kuanza kuelezana, kumbe anachokiona yeye ni koti la kawaida la suti lililorefushwa, kola ya kukunja, na mkanda juu. Nikamwambia hili halina mkanda. Akasema mkanda utapendeza. Nikamwambia chini lichanue, akasema atapasua nyuma. Bei aliyotaja ufundi peke yake ilikuwa inazidi jumla yangu yote niliyoandika hapo juu. Nikaaga vizuri tu nikaondoka. Mafundi wa magauni nao niliwafikiria, wao kuchanua wanakujua, solo, ile sketi ya kuchanua, wanakata wamefumba macho, lakini solo inaunganishwa kiunoni, na ukiunganisha kiunoni unapata gauni. Gauni jeusi lenye vifungo, sasa utoke nalo hivyo.

Aliyemaliza ubishi ni dada yangu. Alichukua simu akaikuza picha akasema, "We, mbona hii kanzu ya padri." Basi. Miaka yote naitazama ile muvi sijawahi kuona hicho kitu na sasa siwezi kuacha kukiona.

Fundi niliyempata ni mzee wa Kigogo, ana kibaraza mitaa ya karibu na soko la Majengo, anashona kanzu za mapadri na za watumishi wa altareni, majoho ya kwaya, na za Waanglikana pia. Ukifika utaona zimening'inia nyeupe nyingi maana kwa joto letu mapadri wengi wanavaa nyeupe, nyeusi anashona mara moja moja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba halafu akanitupia mbukwa yake, salamu ya Kigogo, nikamwonesha klipu. Akavaa miwani, akaangalia yote mpaka mwisho bila kusema kitu, ngumi zote zile, halafu akauliza: "Huyu padri wa wapi?"

Nikamwelezea kwamba siyo padri. Akairudisha klipu nyuma, akasogeza simu machoni, akasema, "Kweli siyo padri, vifungo vichache." Ndo akanipa somo kwamba kanzu ya padri Mkatoliki ile ya kizamani ina vifungo 33, kwa miaka ya Yesu duniani, na zipo za Kianglikana zenye 39, kwa zile ibara 39 za imani yao. Neo wangu hafiki popote. Mzee alisikitika kidogo, nahisi alitaka kunishonea zote 33.

Sasa kazi yenyewe, hapa nitakaa kidogo maana ndo sababu ya kuandika. Kanzu ya namna ile haikatwi juu na chini. Mzee alikata vipande virefu kutoka begani mpaka chini kwa mkupuo mmoja, kila kipande kimeingia ndani kidogo pale kiunoni na kufunguka kadiri kinavyoshuka, kwa hiyo kiuno kinatokea chenyewe bila mshono wa kukizunguka. Ndo maana koti linabana juu na kuchanua chini bila kuwa gauni. Kule nyuma alitaka kuweka marinda kama ya kanzu, hapo tulibishana, nikamwambia marinda yataua ile kupepea, akasema bila marinda utatembeaje, mwisho akakubali kuongeza upana wa vipande vya nyuma badala ya marinda. Alikuwa sahihi kuhusu kutembea na mi nilikuwa sahihi kuhusu marinda.

Kitambaa nilikuja na vipande vya majaribio. Mzee alivining'iniza kwenye kamba pale nje, upepo wa Dodoma mnaujua, hauhitaji kubembelezwa. Poliesta nyepesi ikaruka juu kama bendera ya shule, akaitoa. Gabadini nzito ilitulia kwanza halafu ndo ikafunguka taratibu ikarudi, akasema hii. Mita 5 na nusu, 14,000 kwa mita, tukaagiza Kariakoo ikaja na basi. Usishangae mita, koti linalochanua linakula kitambaa kuliko suti, na ukibania mita unabania mchanuo. Kabla ya kukata alikilowesha akakipiga pasi ya mkaa, ili kama ni kurudi, yaani kupungua, kirudie mezani kwake na siyo siku utakapofua.

Halafu mabega. Hiki ndo kitu kilichonifanya nimheshimu. Nguo nyingi za dukani ukiinua mikono koti zima linapanda juu, si mnajua. Mzee alikata tundu la mkono dogo na la juu kabisa karibu na kwapa, nikahisi litanibana, nikamuuliza. Akaniambia, "Mwanangu, padri anainua mikono altareni kila siku, kanzu ikipanda waumini wataangalia soksi." Nilipofanya fitingi nikainua mikono yote miwili, pindo halikusogea. Nikarusha ngumi moja pale barazani, halikusogea. Yaani mtu ambaye kazi yake ni kuwashonea watu wanaosimama wima kusali ndo alikuwa na jibu la koti la kupigania, na yule wa masofa hakuwa nalo.

Pindo hakulikunja siku hiyo. Vile vipande vinavyochanua vimekatwa mshazari, na kitambaa cha mshazari kikining'inia kinashuka, tena hakishuki sawasawa, kwa hiyo koti lilikaa limetundikwa ukutani kwanza likamaliza kushuka lote ndo akalipima kutoka chini akalikunja. Mafundi wa haraka wanaruka hii hatua, ndo yale magauni ya solo unayoona baada ya kufuliwa mara mbili upande mmoja umekuwa mrefu. Nenda na viatu utakavyovaa siku ya kupima pindo, la sivyo utafagia barabara.

Vifungo vimevikwa kitambaa kilekile cha koti, matundu kashona kwa mkono. Ukiyaangalia kwa karibu hayalingani, mawili matatu yamekuwa marefu kuliko wenzake, ukiwa hatua mbili huoni.

Ambayo sikuyapenda. Kola ya kwanza ilikuwa inalegea, alitia kitambaa kigumu cha safu moja kama kwenye kanzu, na kanzu ya padri ile kola haihitaji kusimama peke yake hivyo. Nikamwambia, akanung'unika, akafumua akaweka safu mbili, sasa inasimama vizuri ila inakwangua shingo, ukivaa usiku mzima utaisikia. Bitana ni ile ya bei nafuu inayofanya chwachwachwa ukitembea, hiyo nashauri muongeze hela mtafute nzuri, kwenye muvi hakuna mtu anatembea anafanya chwachwachwa. Kifungo kimoja kilidondoka wiki ya kwanza, akakirudisha bure. Risiti hakuna, utaandikiwa kwenye daftari lake na jina lako, nusu mwanzo nusu ukichukua. Kioo chake ni kile kifupi, unajiona kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa hiyo mchanuo wote unaopigania hutauona mpaka ufike nyumbani au mtu akupige picha. Na muda, aisee. Aliniahidi tarehe, ikapita, kumbe kuna upadrisho na oda za mashemasi zimeingia, na hao lazima watangulie, hutabishana na jimbo zima. Simu hapokei akiwa kwenye cherehani. Unaenda mwenyewe unakaa kwenye benchi unamtazama tu.

Nimelivaa usiku kwenye besdei ya rafiki yangu kule Kisasa, kila mtu alitakiwa aje kama mtu wa muvi. Kulikuwa na Black Panther wawili wenye madira ya mama zao, nisiwaseme. Ilikuwa Julai, ile baridi yenye upepo ya usiku, koti likafanya lilichoshonewa, nilivyokuwa navuka barabara linafunguka pande zote mbili nikasikia watu wanapiga kelele. Tatizo lilikuwa njiani. Bodaboda alinipokea na "Tumsifu Yesu Kristo", mi nimevaa miwani myeusi usiku, nikajibu "Milele amina" ningefanyaje, akagoma kuongeza spidi safari nzima na mwisho akanipunguzia buku. Sikujua nikatae vipi.

Mchana wa Oktoba usijaribu, gabadini nzito na bitana na jua letu utaanguka. Vumbi pia, nyeusi na vumbi jekundu la huku haviivani, ukitembea mtaa mmoja wa kokoto pindo lote limeshabadilika rangi, mi nalipiga brashi kavu, sijalifua bado na sina haraka.

Zile za onlaini nilizoziona zilikuwa zinaanzia dola mia moja na ushee kabla ya usafiri na ushuru, saizi za kubahatisha, na ukisoma maelezo ni ileile poliesta nyepesi iliyoruka kwenye kamba ya mzee. Zipo nzuri pia, za watu wanaoshona kwa mkono huko nje, ila bei yake unapata pikipiki ya mtumba.

Ukienda kwake, beba picha za nyuma na za ubavuni, maana kila mtu anabeba ya mbele na mzee anaanza kukisia. Video ni bora zaidi, anataka kuona nguo ikitembea. Usimwambie "fanya kama hii" ukakaa kimya, mwambie vifungo viishie wapi, kola iwe na urefu gani, marinda unataka au hutaki. Epuka Juni na Julai kwenye upadrisho, epuka kuanzia Novemba kwenda Krismasi, Pasaka usiende kabisa. Rafiki yangu ameshampelekea picha ya koti lingine, lile la ngozi la muvi ya Blade, mzee kaitazama kaicheka. Ngozi hashoni, cherehani yake haiwezi, msimpotezee muda.