Meli iko wapi: ramani ya mtandaoni au simu ya wakala?

Wafanyabiashara wa Majengo, Dodoma, wanaosubiri mzigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hawaishi kubishana juu ya hili. Kwa gharama, ramani inashinda: unakula bando tu, kwani meli za safari za kimataifa zenye tani 300 za ujazo na zaidi hulazimika kuwa na mtambo wa AIS unaotangaza mahali zilipo. Ila utaiona meli, si kontena lako. Ikitia nanga nje, ramani haikwambii itapata gati lini. Mbali na pwani alama nayo huweza kuganda kwa saa nyingi. Wakala anaijua foleni na nyaraka za forodha, akipokea simu lakini! Kontena moja kwa mwaka? Mtegemee yeye. Kama unapanga malori kila wiki, tazama ramani kwanza, kisha mpigie.