Linux Mint kwenye desktopu ya mtumba: miezi sita ya mwalimu wa Kiswahili hapa Uyole, Mbeya

Naanza na mashine yenyewe ili tusidanganyane. Ni desktopu ya mtumba, Core i3 ya jenereshen ya tatu, RAM GB 4, hard disk ya zamani ile inayozunguka, nilinunua Mwanjelwa kwa hela ya kikoba. Kuiwasha asubuhi ilikuwa unabandika maji ya chai, yanachemka, unakunywa, ndo inafunguka. Afu kila baada ya miezi mitatu minne virusi vya flashi, mafolda yote yanageuka shotikati, naibeba kwenye bajaji mpaka kwa fundi mmoja anapiga window kwa 15,000 na Office ya kukraki juu yake, wiki mbili mbele inaanza kudai leseni. Fundi simtaji, watoto wake wanakula hapo.

Kilichonisukuma ni tarehe 14 Oktoba 2025, siku Windows 10 ilipofika mwisho wa kupewa marekebisho ya usalama ya bure ya kawaida. Windows 11 inataka TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, na kwa Intel inataka prosesa kuanzia jenereshen ya nane, sasa mimi na tatu yangu naenda wapi? Ninunue mashine nyingine na ada za Januari hizo zinakuja? Shemeji yangu anasoma pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, akaniambia shem weka Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, bure, na hakuna cha kukraki kwa sababu hakuna anayekudai. Nikamuuliza bure ya nani, maana mjini hapa hata choo cha stendi unalipia.

Basi akanielezea. Mint ni aina mojawapo ya Linux, na Linux yenyewe aliianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Finland, msimbo uko wazi, yeyote anausoma na kuurekebisha. Mint ilianzishwa 2006 na Mfaransa anaitwa Clement Lefebvre, na imejengwa juu ya Ubuntu, ambayo jina lake kwa sisi wabantu halihitaji tafsiri, ni utu huohuo. Matoleo yao wanayapa majina ya kike yanayoishia na a, langu ni 22.2, Zara, nimelizoea kama jina la mwanafunzi wa form one. Toleo hili litapewa marekebisho hadi 2029.

Kuna sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce. Kama mashine yako imechoka kama yangu chukua Xfce, usishawishike na uzuri wa Cinnamon. Faili ni karibu GB 3, tulilishusha usiku kwa bando la usiku, na shemeji akanilazimisha kulinganisha ile namba ndefu ya uhakiki iliyoko kwenye tovuti yao na ya faili letu. Niliona anajishaua tu, ila ni kweli likikatika katikati unaweza kuhangaika siku nzima hujui tatizo ni nini. Tukaliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu inaitwa Rufus, tukawasha kompyuta huku nabonyeza kitufe cha kuchagua iwake kwa flashi (HP nyingi ni Esc au F9, Dell na Lenovo nyingi F12, wahi kabla haijaanza kuwaka).

Hapa ndo pananifurahisha mpaka leo. Inawaka yote kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, unafungua intaneti, unasikiliza sauti kama inatoka, unaona printa kama inaonekana, yaani unaonja kwanza kama unavyobonyeza parachichi la Tukuyu kabla hujatoa hela. Ukiona halikufai unachomoa flashi, kompyuta inarudi vilevile ilivyokuwa.

Kuweka kwenyewe ni maswali machache tu, lugha, kibodi, saa za wapi, jina na neno la siri. Swali la kuogopa ni moja, unafuta diski yote au unaiweka pembeni ya Windows. Mimi nikasema futa, nimechoka. Ikaenda vizuri mpaka kama nusu, mvua ya Desemba ikapiga radi huko upande wa Igawilo, umeme chwii, giza. Nilikaa pale na tochi ya simu nikijua nimeua kompyuta. Umeme uliporudi saa tatu usiku tukachomeka flashi tukaanza upya, dakika kama ishirini na tano ikaisha, hakuna kilichoharibika. Kilichoniuma ni kingine, nilihamisha folda ya Documents kwenye flashi nyingine nikasahau vilivyokuwa kwenye uso wa desktopu, notsi zangu za fasihi simulizi za form three zikaondoka na Windows. Kosa langu mwenyewe. Angalia uso wa desktopu jamani, na Downloads.

Kesho yake WiFi haionekani. Kile kidude cha USB cha WiFi nilichonunua kwa bei ya kutupa, kiwanda chake hakitoi draiva wazi, yaani ile programu ya kukiendesha, kwa hiyo Mint inakiona lakini haijui ifanye nacho nini. Nilichofanya, simu nikaichomeka kwa waya, nikawasha USB tethering, intaneti ikaingia hapohapo bila kuuliza chochote, nikafungua Driver Manager ikanipendekezea draiva, kubali, zima washa, kwisha. Printa ya shule ilisumbua zaidi, ilibidi kushusha draiva kwenye tovuti ya watengenezaji na kuandika amri kwenye kile kidirisha cheusi, na hiyo kazi aliifanya shemeji sio mimi, sitajisifu bure.

Sasa matumizi. Inawaka kwa dakika moja na kidogo, na hapo bado diski ni ileile kuukuu. Firefox iko ndani, ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, naingia kama kawaida najaza mambo yangu ya PEPMIS, yaani ya utendaji kazi, bila kwenda kupanga foleni kwenye kompyuta ya ofisi. Flashi za wanafunzi na za stationeri zinakuja na shotikati zao, naziona pale zimekaa tu hazina la kufanya, maana vile virusi vimetengenezwa kwa Windows, nazifuta moja moja kwa raha zangu. Ila usije ukanakili uchafu huo ukampelekea mwenzio mwenye Windows.

LibreOffice, ile inayokaa mahali pa Office ya Microsoft, ndo nina maneno nayo. Kuandika mtihani inatosha kabisa, hesabu za kikoba kwenye Calc, Excel yake, zinakwenda vizuri, jumla, riba, marejesho, hata faili la Excel alilotuachia mwekahazina wa zamani lilifunguka. Shida inakuja unapopeleka faili la docx kwa mtu wa Word. Mtihani wangu wa kwanza ulifika stationeri Kabwe kurasa nne zikawa tano, mistari ya kujazia majibu imehama, sehemu B imeanza chini kabisa ya ukurasa. Binti wa pale ananiambia madam hii umeandikia kwenye simu? Nilitaka kuficha uso. Sababu kubwa ni fonti, Mint haiji na Times New Roman halisi, inaweka Liberation Serif badala yake ambayo vipimo vyake ni sawa lakini ukiwa umechanganya na fonti nyingine mambo yanavurugika. Dawa nilizopata ni mbili, kuweka zile fonti za Microsoft kupitia Software Manager, duka la programu la Mint (tafuta mscorefonts), na kazi ya kuchapisha siku hizi naipeleka PDF, kuna kitufe chake kabisa pale juu, haihami hata nukta.

Kuna kitu hakuna aliyeniambia na kwangu kimekuwa cha thamani kuliko hiyo kasi. Miaka yote nimeandika Kiswahili chini ya mistari myekundu, ukurasa mzima unaonekana kama umesahihishwa na mwalimu mwenye hasira. Kwenye Software Manager nikatafuta hunspell-sw, kifurushi kidogo sana cha kukagua tahajia ya Kiswahili, nikaweka, nikachagua Kiswahili ndani ya Writer, Word ya LibreOffice, mistari mingi ikapotea. Ikabaki kwenye maneno niliyokosea kweli, na kwenye vitenzi vyenye viambishi vingi, "wasingalitutambulishia" bado inakishangaa, na simlaumu, hata form four wanakishangaa. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwahi kutafsiri programu ndugu ya LibreOffice mwaka 2004 wakaiita Jambo OpenOffice, na mimi nafundisha lugha hii hata sikuwahi kuisikia!

Nani asiweke? Kama unatumia Photoshop, au programu ya uhasibu ya Windows tupu, au mtoto wako anataka magemu makubwa ya mpira, acha kwanza au weka pembeni ya Windows. Wangu wa form two alinuna wiki nzima, sasa anacheza SuperTux na mdogo wake. Na marekebisho yanakula bando, mara ya kwanza yalinimalizia lote, kwa hiyo nayafanya Jumapili nikiwa na WiFi ya dada yangu pale Soweto ya hapa Mbeya. Ukiweka, washa Timeshift siku hiyohiyo, inatunza picha ya mfumo ukiharibu kitu unarudi nyuma.

Shemeji nilimlipa kwa ndizi na nyama na ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), hakutaka hela. Sasa hivi nikiandika hivi, na baridi hili la Juni vidole havikunji, kuna laptopu ya mwalimu wa jiografia mezani kwangu inasubiri. Nimemwambia kwanza akahamishe vitu vyake vyote, na vilivyo kwenye uso wa desktopu, ndo arudi.