Programu ya kamusi ya slengi ya Kiingereza: neno "dude" wamelitendea haki

Nimeitumia hii programu kama wiki tatu hivi na kilichonifurahisha zaidi ni pale kwenye "dude", maana kamusi zingine zinakwambia tu "jamaa" basi imeisha, hii inakueleza kabisa kwamba miaka ya 1880 kule New York dude alikuwa mwanaume wa kujipamba kupita kiasi, leo ni mshikaji tu, halafu mtu akilivuta "duuude" ujue kashangaa, akilikata fupi anakuonya. Na sauti zake unazisikia, hapo ndo penyewe! Shida moja, hawajasema usimwite hivyo bosi kwenye intavyuu, na kuna wanawake hawapendi kabisa kuitwa hivyo, jamani hiyo ni muhimu kwa anayejifunza. Nyota nne.