Fort Jesus kwa gari kutoka Bombo: Mzee akutana na meli iliyozama

Mzee wangu ameendesha trela za Mombasa zaidi ya miaka 20. Ukimuuliza Mombasa ikoje, atakutajia mizani ya malori ya Mariakani na foleni ya bandari ya Kilindini. Bahari aliionea kwenye mianya ya makontena. Fort Jesus, ngome kongwe ya Mombasa, alikuwa anaisikia tu.

Desemba tukamtoa Bombo, Uganda, mimi na dada yangu, kwa kigari chetu. Ni zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kampala, na Mzee akiwa abiria kila kilomita ina maoni yake. Namawojjolo, soko la barabarani, tulikula kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma. Malaba, mpakani, tulivuka kwa vitambulisho vya taifa. Jamaa aliyetubadilishia pesa alihesabu noti haraka kuliko macho yangu. Tulipofika Eldoret ndipo nikagundua kwamba ya elfu moja haipo. Mzee alinicheka mpaka Nakuru, tulipolala. Usiku wa pili tulilala Voi.

Ngome yenyewe Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895, na ikawa makumbusho mwaka 1960. Kuna mizinga, kuna mifupa ya nyangumi, dada yangu akapiga picha zake. Sisi tuliganda kwenye vitu vya meli.

Niseme mapema: ukienda ukitarajia meli nzima ndani ya jengo, hutaikuta. Santo António de Tanna, manowari ya Wareno iliyoundwa Bassein, India, bado iko chini ya maji pale pale mbele ya ngome. Ilikuja kuwasaidia wenzao waliokuwa wamezingirwa na Waomani, ikazama mwaka 1697. Ngome nayo ikatekwa Desemba 1698. Wapiga mbizi na wanaakiolojia waliifanyia kazi kuanzia 1977 hadi 1980, wakatoa vilivyokuwamo, mbao zake wakaziacha huko chini.

Kijana mmoja aliyetudandia nje, akijiita mwongozaji, alikuwa ametuambia ni dhoruba. Mzee hakuridhika. Nikamweleza kwamba kamba za kuifungia zilikatika wakati wa mapigano, meli ikachukuliwa na maji ikakwama.

"Basi ni breki," akasema, akahamia kabati lililofuata.

Hapo alisimama sana. Kulikuwa na vyombo vya Kichina, vyeupe vyenye maua ya buluu, na pembeni mitungi mikubwa. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. "Nani alifunga mzigo huu? Miaka mia tatu majini, sahani haina hata ufa. Mimi nilibeba vigae kutoka hapa, kufika Kampala nusu ni kokoto." Dada yangu alitaka kumkumbusha kwamba zilizovunjika pia zipo, nikamkonyeza.

Kitu kingine msikipite haraka ni kipande cha ukuta chenye michoro ya Wareno wa zamani, iliyochorwa kwa rangi nyeusi na nyekundu. Kuna meli, kuna samaki, kuna watu. Aliyechora meli hakusahau kamba za tanga. Mzee alisema hawa walikuwa wamekwama wakingoja ruhusa, maana dereva akikaa Malaba siku nne ataandika popote, hata kwenye bodi ya trela. Mwenyewe aliwahi kumchora tanboi (utingo) wake kwa mkaa.

Nendeni saa mbili au saa tatu asubuhi. Sisi tuliingia karibu saa sita kwa uvivu wetu, na mawe yale yakishapata jua yanakupikia miguu. Mwenye magoti mabovu apande ngazi polepole. Tengeni saa tatu nzima. Kwa mzee anayebishana na makabati, ongezeni.

Tukirudi, Mariakani, aliniambia nipunguze mwendo. Akateremsha kioo, akatoa kichwa, akawapigia kelele madereva waliopanga foleni ya mizani: "Nimeingia ndani!"