Tangi la matumbawe lililoshindwa na umeme wa Dar kukatika: uzoefu wangu

Nianze na mazuri, maana yapo na hasira haiwezi kuyafuta. Vioo vimekatwa sawasawa. Silikoni imepakwa na mkono uliotulia, hakuna kiputo hata kimoja kwenye kona. Stendi ya chuma imebeba zaidi ya nusu tani ya maji na mawe bila kulia wala kupinda. Kama ningeandika haya kabla ya usiku ninaotaka kuwasimulia, ningewasifu mpaka mngedhani nimelipwa.

Sasa nasema msiwape kazi. Nitaeleza kwa nini, na mtaona huko mbele kwamba hata neno hilo nalisema kwa kusitasita, kwa ajili ya kijana mmoja tu.

Jina la kampuni silitaji. Wakisoma watajijua.

Nilitaka tangi kubwa la maji ya bahari, la kufugia matumbawe yenyewe, siyo samaki peke yao. Urefu sentimita 180, upana 60, kina 60. Chini yake, ndani ya kabati, tangi la pili la kuchujia: maji yanashuka kutoka juu, yanapita kwenye soksi ya kuchuja, yanaingia kwenye mashine ya kutoa povu la uchafu, yanapita chumba cha mwani unaokula naitreti (mabaki ya uchafu wa samaki), halafu pampu inayarudisha juu. Pembeni kuna pipa la maji safi lenye boya. Maji yakipungua kwa kukauka, boya linashuka na pampu ndogo inaongeza. Mchoro wote ni wa kwao, vipimo vya kwao, mabomba ya kwao. Mimi nilitoa hela.

Na siku ya kwanza kabisa, kabla sijatoa hata shilingi, nilimwambia mwenye kampuni: mimi nakaa Tabata, umeme unakatika muda wowote, mchana na usiku, hakikisha huu mfumo unahimili hilo. Akaandika kwenye daftari lake, nikiwa naangalia. Akasema, "Dada yangu, hilo toa wasiwasi."

Nilitoa wasiwasi. Nikaingia kwenye kazi ya subira ambayo aliyewahi kufuga matumbawe anaifahamu. Mawe niliyaweka makavu. Yule bwana alikuwa amenishauri nitafute mtu wa kuniletea mawe hai, yaani yaliyokwisha kuota bakteria na viumbe wa baharini, kutoka kisiwa cha Mbudya, nikakataa palepale. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, yanalindwa na sheria, na matumbawe ya mbele ya jiji hili yameshapigwa baruti vya kutosha. Sitayaharibu mengine ili sebule yangu ipendeze. Kwa hiyo nikawasubiri bakteria waote wenyewe, wale wa kugeuza amonia kuwa naitraiti na wale wa kugeuza naitraiti kuwa naitreti, wiki baada ya wiki, tangi likiwa na maji na mawe matupu, majirani wakiniuliza samaki wako wapi. Matumbawe yenyewe ni vipande vya kukuzwa, vilivyoingia nchini na kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba ule. Havipatikani kirahisi, wala bei yake si ya kuchezea.

Basi, ilikuwa kipindi kile cha joto, mwezi wa pili hivi, usiku wa manane. Umeme ukakatika. Kilichoniamsha ni ukimya wa feni, halafu ndani ya ukimya ule nikasikia maji yanamwagika kwenye marumaru.

Nilipofika sebuleni na tochi ya simu, maji yalikuwa yanatoka chini ya milango ya kabati kama vile mtu ameacha koki wazi. Nikafungua kabati. Tangi la chini lilikuwa limejaa pomoni, linafurika pande zote nne, kikombe cha mashine ya povu kimezama na ule uchafu mweusi unaonuka ukielea. Ekstensheni ya umeme, ambayo mafundi wao waliiacha imelala kwenye sakafu ya kabati, ilikuwa imesimama juu ya tofali. Mdogo wangu aliinua siku chache nyuma kwa akili yake mwenyewe. Bila lile tofali, umeme ungerudi ukakutana na maji ya chumvi, na mimi nimesimama humohumo peku.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana ndilo lililonifanya niandike. Bomba la kurudishia maji juu walilizamisha ndani ya tangi kubwa, mdomo wake ukiwa chini ya uso wa maji kiasi cha sentimita 15. Pampu ikiwa inafanya kazi, hakuna tatizo. Pampu ikizimika, bomba hilohilo linageuka kuwa mpira wa kufyonzea petroli kwenye tangi la gari: maji yanarudi chini yenyewe, hayasimami mpaka uso wa maji ufike kwenye mdomo wa bomba. Kwenye tangi la urefu wa 180 na upana wa 60, kila sentimita moja ni karibu lita 11. Sentimita 15 ni lita 160 na ushee. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya ziada ya lita 60 hivi. Lita 100 zilizobaki zilikuwa hazina pa kwenda zaidi ya sebuleni kwangu.

Dawa yake ni tundu. Tundu dogo la milimita sita hivi kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji. Maji yakishuka kidogo tu, tundu linavuta hewa, mvuto unakatika, mchezo umeisha. Kila anayejua kazi hii anajua tundu hilo. Wao waliweka valvu ya kuzuia maji yasirudi, wakaona inatosha. Kwenye maji ya bahari valvu ile haiaminiki: chumvi inaganda, kipande cha mwani kinakwama kwenye kifuniko chake, haifungi vizuri. Nilipoifungua baadaye nilikuta konokono mdogo amejibana hapohapo kwenye mdomo wa valvu.

Umeme ulirudi alfajiri, na hapo ndipo madhara makubwa yalipotokea. Pampu ikapandisha maji juu, tangi la chini likabaki karibu tupu kwa sababu maji yake yalikuwa kwenye zulia. Boya likashuka. Pampu ndogo, ikitii ilivyoambiwa, ikamimina maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye pipa, lita juu ya lita, kufidia lita 100 za maji ya bahari. Mimi nilikuwa nadeki na mdogo wangu anakamua mataulo, hakuna aliyelikumbuka pipa. Nilipopima chumvi kulipopambazuka, kutoka gramu 35 kwa kila kilo ya maji ilikuwa imefika 30.

Samaki walivumilia. Kamba msafishaji alikufa kabla ya saa nne asubuhi. Ila ni akropora, tumbawe gumu la matawi, iliyoniumiza. Ilikuwa na matawi ya zambarau, ncha zake nyeupe kwa sababu zilikuwa zinakua, na nilikuwa naziangalia zikirefuka kila mwezi. Ngozi yake ilianza kubanduka kuanzia chini, inapeperuka kwenye maji vipande vipande mfano wa karatasi laini, na nyuma yake inabaki mifupa mitupu. Ukiona hivyo huna la kufanya. Nilikata ncha za juu nikazigandisha kwenye mawe mengine nikitumaini zitaishi. Chache ziliishi.

Nikampigia mwenye kampuni. Nilikuwa bado nina adabu. Nikamweleza bomba, tundu, lita, chumvi, kila kitu kwa mpangilio. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Dada yangu, sisi tunauza matangi, hatuuzi umeme."

Nikamkumbusha daftari lake. Akasema hata Ulaya maji yanamwagika. Nikamuuliza, kwa hiyo tundu la milimita sita nalo ni la shirika la umeme? Akavuta pumzi, akasema, na haya ni maneno yake: "Shemeji yupo hapo? Hebu nipe niongee naye, haya mambo ya kiufundi nimweleze yeye."

Jamani. Shemeji hakuchora mfumo. Shemeji hakupima chumvi. Shemeji hajui hata kibonyezo cha kuwashia taa za tangi kiko wapi, na hana haja ya kujua, kwa sababu tangi ni langu, hela ni yangu, risiti ya EFD ina jina langu. Nimemweleza mtu kosa la kazi yake kwa hesabu kamili na yeye anatafuta mwanaume wa kuongea naye. Nikamwambia hivyohivyo. Akasema nina hasira, nimpigie nikishatulia. Akakata simu. Nilipopiga tena haikupokelewa, siku ile na siku zilizofuata. Meseji zinasomwa, hazijibiwi.

Maji yanamwagika, nakubali, kitu chochote chenye maji kinaweza kuvuja. Ningewasamehe maji. Ile simu siwasamehei.

Na hapa ndipo ninapokwama. Jumapili moja baada ya hapo akaja kijana, mmoja wa mafundi wao waliofunga mabomba. Hakutumwa. Alisikia ofisini, akapanda boda kwa hela yake, akabisha hodi na drili begani. Kitu cha kwanza alichosema mlangoni ni, "Mama, pole sana." Akazima pampu, akatoa bomba, akapiga matundu mawili badala ya moja ili konokono akiziba hili, lile libaki. Akapandisha mdomo wa bomba ukawa karibu na uso wa maji. Akapunguza kiwango cha maji kwenye tangi la chini, akachora mstari kwa kalamu ya wino mzito: maji yasipite hapa pampu ikiwa inafanya kazi. Ekstensheni akaifunga kwa skrubu juu kabisa ya kabati, waya wake ukining'inia chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likitiririka lidondoke badala ya kuingia. Na lile pipa la lita 200 akaniambia nisiliunganishe tena. Niweke ndoo ya lita 10, ili hata boya likidanganyika, maji ya kuharibu chumvi yasiwepo.

Tukazima swichi, tukasimama kuangalia. Maji yakashuka kidogo, matundu yakavuta hewa kwa mlio wa kunywa soda ya mwisho kwenye chupa, yakasimama. Tangi la chini likapanda, likaishia chini ya mstari.

Nikampa hela, akachukua nauli tu. Nikamuuliza, hivi hili hamkulijua? Akainamisha macho. Akasema alimwambia bosi siku ya kufunga, na bosi akakataa matundu kwa sababu yanapiga kelele na mteja atalalamika.

Kwa hiyo walijua! Nilikuwa nimeshaanza kulainika, nimeshafikiri labda ni bahati mbaya, labda niandike tu kwamba kazi ni nzuri ila wajirekebishe kwenye mawasiliano. Nilipolisikia hilo nilirudi pale nilipoanza. Kutojua kunasameheka. Huyu alijua, akaandika kwenye daftari, akaambiwa na fundi wake mwenyewe, akachagua ukimya wa bomba, halafu akamtafuta shemeji.

Kijana yule simtaji, nisije nikamharibia kazi. Akifungua ofisi yake nitakuwa mteja wake wa kwanza.

Kama tayari mmeshawapa oda na malipo ya awali hayarudi, fanyeni hivi: msimalizie hela siku ya kufunga. Tangi likishajaa na pampu inazunguka, zimeni swichi kuu ya ukutani, wao wakiwa wamesimama palepale. Subirini mpaka maji yaache kushuka kabisa. Kisha washeni, subirini yatulie, zimeni tena, kwa sababu mara ya kwanza valvu mpya inaweza kuzuia na ya pili ikaachia. Maji yakivuka ukingo wa tangi la chini, kazi haijaisha.

Juzi nimepokea simu kutoka ofisini kwao, namba mpya, sauti ya binti mpole. Wanaomba picha ya tangi langu waiweke kwenye matangazo, kwa sababu limependeza. Nimemwambia yule binti, bila kumfokea maana hana kosa, kwamba picha haitoki mpaka bosi wake anirudishie gharama ya zulia, ya chumvi na ya akropora, na anipigie mimi mwenyewe. Amesema atamfikishia.